Nasoma Kijapani peke yangu hapa Wete na hamu imekatika. Nyinyi mnashikilia vipi?

BintiLimbani

Asalaam alaikum nyote.

Nina duka la fotokopi na vifaa vya skuli hapa Wete. Wateja wangu ni wanafunzi na watu wa vitambulisho, kwa hivyo kuna saa mashine inaunguruma haipumziki, na kuna saa nakaa tu naangalia barabara. Ndani ya hizo saa za kukaa ndimo nilimoanzia kusoma Kijapani. Sababu yenyewe si kubwa. Mdogo wangu alikuwa akikesha na katuni za Kijapani kwenye simu, mie nasikia kwa pembeni huku nakunja nguo, na maneno yakanikaa. Nikaona mbona silabi zao kama zetu, ka ki ku ke ko, nikajua mteremko huu.

Hiragana, herufi zao za silabi, nimezimaliza. Katakana nazo, zile za maneno ya kigeni, ingawa シ (shi) na ツ (tsu) mpaka leo zinanichanganya, aliyeziumba hakuwa na huruma. Baada ya hapo ndipo nilipokwama. Kanji, zile herufi zinazobeba maana ya neno, nikijifunza tano nasahau nne. Halafu hizi wa na ga, vijineno vinavyokaa baada ya jina kwenye sentensi! Nimezisoma kwa Kiingereza mara chungu nzima, na kila maelezo yananizidishia kiza. Nilikuwa na programu ya simu, ile ya michezo, ya kupata alama na kuwasha moto unaohesabu siku ulizosoma bila kukosa. Ilipoingia Ramadhani, na kazi za jikoni na tarawehe, moto ukazimika, na tangu hapo kila nikiifungua naona kama inanisuta. Daftari sasa liko chini ya droo ya risiti.

Na hapa sina wa kusema naye. Mama ananiuliza, "Hicho Kijapani utakisema na nani, na mikarafuu?" Anacheka, lakini swali lake limenikaa. Sina mpango wa kwenda Japani, sina pa kukipeleka. Kuacha nako siwezi, nimejaribu nikaona kuna kitu nakikosa.

Basi naomba msaada wenu. Mnaosoma peke yenu mnaendeleaje hamu ikishakwisha? Na huu mtihani wa N5 (ngazi ya chini ya mtihani wa Kijapani, JLPT), nasikia watu huufanyia Nairobi mwezi wa Disemba. Kutoka Pemba huko ni boti, boti tena, halafu basi. Kuna faida? Na mwenye kuweza kunieleza hiyo wa na ga kwa Kiswahili, nitamuombea dua.

MzeeBaharia

Waalaykum salaam. Mwanangu usikasirike, lakini nusu ya Wete wana jamaa zao Muscat, na wewe unakwenda kutafuta lugha ya watu wasiokuwa na hata shangazi yao hapa. Soma Kiarabu, cha kusema, si cha kusoma tu. Au Kichina. Kijapani ni starehe ya mtu aliyekwisha kushiba.

FundiTaa

Mzee shikamoo. Kiarabu sawa, lakini hilo la kuwa hawana hata shangazi hapa naomba nilijibu, maana mie mkate wangu unatokana na hao hao Wajapani.

Mie fundi umeme wa magari, niko Mwanakwerekwe. Bibie, gari ngapi zinapita mbele ya duka lako kwa siku, na ngapi katika hizo hazikutoka Japani? Mie lugha hii nimeanza kuisikia ndani ya gari za watu. Unawasha tu, mwanamke anakwambia kwa adabu kabisa: ETC kādo ga sōnyū sarete imasen. Hakuna dereva wa Unguja asiyewahi kuisikia, wengine wanadhani gari inawaamkia. Anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijatiwa, yaani kadi ya kulipia barabara za haraka za kule. Huku barabara hiyo haipo, kadi haipo, na mwanamke hachoki kukumbusha. Mteja mmoja alinijia kwa dhati kabisa anataka nimtolee shetani kwenye Noah yake. Nikachomoa kisanduku chini ya dashibodi, shetani akatoka, nikalipwa.

Ndipo nikataka kujua na mengine yanayosemwa. Na hili ndilo jibu langu kwa swali lako. Hamu sijawahi kuitegemea, siku nyingi haipo. Kinachoniweka ni kuwa kila siku kuna gari mbele yangu yenye maandishi nisiyoyajua, na mwenye gari amesimama anasubiri.

Katakana usizidharau. Kwenye gari karibu kila kitu ni katakana: enjin, burēki, batterī, oiru, eakon. Wamechukua Kiingereza wakatia irabu kila penye pengo, nasi tumefanya hayo hayo tukapata injini, breki, betri. Ukishaweza herufi, maana unayo tayari. Handoru tu ndiyo ujihadhari nayo, hiyo si ya mlango, ni usukani.

Sasa njoo kwenye kibandiko. Fungua mlango wa dereva, tazama pembeni ya nguzo au juu kwenye kona ya kioo. Mara nyingi utakuta kikaratasi: オイル交換, oiru kōkan, kubadilisha oili. Kina tarehe, kilomita za siku ile, na kilomita za kubadilisha tena. Mwaka mara nyingi hawaandiki 2015, wanaandika 27, au H27. Huo ni mwaka wa enzi ya mfalme wao, Heisei, iliyoanza 1989. Jumlisha 1988 unapata mwaka wetu. Kuanzia Mei 2019 enzi ni Reiwa, hapo unajumlisha 2018.

Gari inashuka, mita inasoma elfu sitini na kitu, mwenyewe anajigamba kapata gari mbichi. Nafungua mlango, kibandiko kinasema mwaka wa 27, kilomita 112,000. Umeona hapo? Mita imerudishwa nyuma. Na kikaratasi kimebaki pale pale, kwa sababu aliyeirudisha hakujua kimeandikwa nini, au hakudhani kuna mtu Mwanakwerekwe atakisoma.

Habari zikaenea, watu wakaanza kuniletea karatasi za mnada. Gari nyingi zilizotumika kule hupita mnadani, na kila moja ina karatasi ya mkaguzi, mchoro wa gari na herufi juu yake: A mkwaruzo, U kibonyeo, W pamewahi kunyooshwa, S kutu. Hizo hata asiyejua lugha anazikisia. Lakini kuna mahali pameandikwa 修復歴, shūfukureki, kwamba gari imewahi kugongwa ikatengenezwa kiunzi, na mbele yake あり au なし. Ari, ipo. Nashi, haipo. Bibie, wewe hiragana unazo. Hilo neno ambalo linamuokolea mtu mamilioni yake unaweza kulisoma leo hii, hapo hapo dukani kwako, kabla ya kujua kanji hata moja.

Kanji mie nazipata kwenye redio. 設定 mipangilio, 音量 sauti, 戻る kurudi, 時計 saa. Watu wanataka niwabadilishie lugha, na redio nyingi za kule hazina lugha nyengine ndani yake, kwa hivyo nawaandikia vijikaratasi na kuvibandika: hiki cha sauti, hiki cha kurudi. Kila nikiandika nimezirejea kanji zile zile bila ya kukaa kitako kusoma. (Na kuhusu FM kuishia 90, msinilaumu jamani, masafa ya kule yalianzia 76 yakaishia hapo. Inataka kifaa chengine, na kifaa kinataka pesa.)

Hilo la kusahau nne katika tano: kwani juzuu ya Amma uliihifadhi vipi? Maalim hakukuacha uanze sura mpya mpaka umsomee ya jana, kisha ya juzi, na siku ya muraja ukarejea zote tangu mwanzo, na ulipokosea ukarudishwa. Hukuwa na hamu ya muraja, nani anayo? Ulikaa tu kwa sababu wakati wake umefika. Kanji zinataka mwendo huo huo. Kuna programu inaitwa Anki, hiyo kazi yake ni muraja tu. Ukiikumbuka kadi inakuletea baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Ukiisahau inairudisha karibu. Kwenye Android ni bure, na haili bando ukishaishusha. Lakini kadi ziandike mwenyewe, kutokana na vitu ulivyovikuta kwa macho yako. Ukishusha fungu la maneno elfu mbili la mtu mwengine litakulemea ndani ya wiki, maana hujui kwa nini unayasoma.

Ile programu yako ya moto ifute. Ifute leo. Kitu kinachokusuta hakikusomeshi.

Pakacha

Fundi mie nina IST ya 2006, naja kesho unisomee mlango.

FundiTaa

Njoo baada ya Adhuhuri. Huo usomaji wa mlango bure, ukilia baadaye mie simo.

UkhtiShangani

BintiLimbani, mie niko mapokezi, hoteli ndogo Mji Mkongwe. Wajapani hawaji kwa wingi kama Waitaliano, lakini wanakuja, na kwa sababu hakuna mwengine kazini anayewasemesha ndiyo nikashikwa mie.

Kwanza sifa usizihesabu. Ukisema konnichiwa tu utaambiwa nihongo jōzu desu ne, Kijapani chako kizuri. Ni adabu yao, hata ukiivuruga utaambiwa hivyo. Mie nilijua nimepiga hatua siku mgeni mmoja aliponijibu haraka haraka kuhusu maji ya moto, bila ya kunisifu, akaendelea na shida yake.

Silabi zao kama zetu, kweli, lakini humo ndimo ulimo mtego. Sisi tunaikaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila ya kujijua. Kwao kuvuta kunageuza neno. Obasan ni shangazi, au mwanamke mtu mzima. Obaasan ni bibi, ajuza. Sasa mtu kalipia chumba cha baharini na umri wake arubaini, umuite ajuza? Na kusita vile vile: kite ni njoo, kitte ni stempu, tofauti yake ni kule kubana pumzi katikati tu. Piga kidole mezani kwa kila pigo. Ki-te, mawili. Ki-t-te, matatu. Ile n yao ya mwisho, ya hon na pan, inayowatoa jasho Wazungu, sisi tumepewa bure, maana inasimama na pigo lake kama m ya mtu na n ya nchi.

Kwa hivyo usisome kimya. Idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo ya Kijapani yaliyofafanuliwa kwa Kiswahili, na sauti zake, bila malipo. Nachukua kipande kifupi, nasema pamoja na msemaji, nazidi kukirudia mpaka naweza kukisema akiwa kanyamaza. Nafanya nikikunja mashuka. Wenzangu walicheka mwanzo, sasa na wao wanajua kusema shōshō omachi kudasai, subiri kidogo tafadhali, wanaambiana jikoni.

Wa kusema naye yupo, wala si mkarafuu. Chuo Kikuu cha Osaka wanasomesha Kiswahili, tena tangu zamani, na wapo Wajapani waliokuja kukisoma hapa hapa Unguja. Hao shida yao ni hii yako imegeuzwa: wanasoma lugha ambayo kwao hakuna wa kusema naye. Watafute kwenye programu za kubadilishana lugha. Rafiki yangu wa Osaka nilimpata huko. Nusu ya mazungumzo Kiswahili, nusu Kijapani, na kila mmoja anamsahihisha mwenziwe bila kuoneana haya. Alinilalamikia ngeli mpaka akanichosha. Nikamwambia mbona nyinyi kalamu moja ippon, karatasi moja ichimai, paka mmoja ippiki? Akacheka, yakaisha.

Halafu kuna jambo la saa, hili mie linanifurahisha kila siku. Japani wako mbele yetu kwa saa sita. Na sisi saa tunahesabu tangu kunapokucha. Kwa hivyo namba ya saa yetu na ya kwao ni moja! Hapa saa mbili asubuhi, kwenye ukuta wake ni 2 ya mchana, niji. Hapa saa nane mchana, kwake 8 ya usiku, hachiji. Tunaandikiana "saa mbili" basi, hakuna anayepiga hesabu. Nani mwengine duniani ana bahati hiyo na Mjapani?

Ila uchague mtu mmoja mpole na muwekeane siku. Ukikusanya kumi utakuwa unasema jina lako na umri wako tu kila siku, na wengine hawakutafuta lugha, wametafuta mchumba.

MzeeBaharia

Hili la saa sikulijua. Miaka yote niliyokaa melini.

MaalimChukwani

Nimechelewa lakini wa na ga nimeiona haijajibiwa.

Acha Kiingereza kwa hili, Kiswahili cha nyumbani kinatosha. Mama akisema: "Mtoto huyu jino linamuuma." Tunazungumza habari za nani? Za mtoto. Kinachouma ni kipi? Jino. Kijapani: kono ko wa, ha ga itai. Wa imekaa baada ya mtoto, kwa sababu yeye ndiye aliyewekwa mezani tumzungumze. Ga imekaa baada ya jino, kwa sababu ndilo linalouma. "Mie samaki napenda": watashi wa sakana ga suki. Umeona muundo ni ule ule? Ukiipitisha kwenye Kiingereza unaambiwa utafute mtenda, na hapo wote wawili wanagombania kiti kimoja.

Sasa mtu akiuliza nani kaja, dare ga kita? Unajibu sensei ga kita, maalim ndiye aliyekuja. Ga hapo inafanya kazi ya ndiye. Lakini ukisema sensei wa kita, ni kama kusema maalim, yeye kaja, na msikilizaji anabaki anajiuliza kuhusu wengine. Hii haimalizi mlango wote, ila sentensi nyingi za mwanzo utazifungua.

Vitenzi usiviogope. Tabetakunakatta ni neno moja, na sisi tunasema sikutaka kula. Kukataa, kutaka na wakati uliopita vyote vimeshonwa kwenye kitenzi. Mtu aliyekulia na "asingalinipikia" haogopi hilo, tofauti ni kuwa sisi tunashona zaidi kwa mbele, wao kwa nyuma.

Mtihani. N5 ndiyo ya chini, N1 ya juu. Hakuna kuzungumza wala kuandika insha, ni kuchagua majibu: msamiati, sarufi na kusoma, kisha kusikiliza. N5 unapita kwa alama 80 katika 180, lakini lazima upate angalau 38 katika 120 za lugha na kusoma, na 19 katika 60 za kusikiliza. Maana yake mtu anaweza kuwa na cheti na asiweze kuagiza chai. Nauli ya Nairobi kwa ajili ya N5 peke yake mie sikushauri, cheti huanza kuulizwa na watu kuanzia N4 kwenda juu. Kwenye tovuti ya mtihani wenyewe kuna maswali ya mfano ya bure. Yachape, funga duka Ijumaa mchana, weka saa, ujipime. Vile vile vitabu vya Irodori vya Japan Foundation vinashushwa bure pamoja na sauti zake, na wewe mashine ya fotokopi unayo, sisi wengine tunalipia kila ukurasa.

Na hili la kuwa peke yako. Mie shahada ya pili nimeisoma Hiroshima, kwa Kiingereza. Watu wanadhani ukikaa kule lugha inakuingia yenyewe umelala. Nilikuwa na wenzangu waliomaliza masomo yao wanajua arigatō na kusoma bei. Maabara Kiingereza, nyumbani Kiswahili, dukani unanyoosha kidole. Kijapani changu cha kwanza cha kweli nilikipata kwa muuzaji wa duka la usiku karibu na chuo, kwa sababu alikuwa ananiuliza mambo yale yale kila nikienda: atatamemasu ka, nikupashie moto? Na mfuko, nautaka au siutaki? Nikawa najitayarisha njiani. Kwa hivyo Fundi yuko sawa. Aliye na swali moja la kujibu kila siku anajifunza, awe Hiroshima, awe Mwanakwerekwe. Wewe hapo kaunta unawaandikia watu majina yao kwenye fomu kutwa. Yaandike kwa katakana pembeni ya daftari lako, kila mteja, mpaka シ na ツ ziache kukuchanganya. Wanafunzi watapenda, utaona, watakuja kutaka yao kwenye majalada ya madaftari.

BintiLimbani

Maalim, jino limeingia! Nimeelewa. Nimemsomea Mama sentensi ile, akaniambia kumbe na wao wanaumwa.

Programu ya moto nimeifuta. Katakana za majina nimeanza jana, na yametokea ya Maalim: vijana watatu wa kidato cha pili wamekaa nusu saa wanataka majina yao, mmoja kataka na la timu yake ya mpira. Nimewatoza shilingi mia mia.

UkhtiShangani, nitatafuta mtu, ila naomba nianze kwa kuandika, kusema bado naona haya.

Fundi, swali. Kuna Coaster ya njia ya Chake, mlangoni imeandikwa kanji mbili halafu ドア. Hiyo ya mwisho nimeisoma, doa. Mbili za mbele sizijui. Na ubavuni kuna maandishi yaliyofifia, kanji tatu, ya mwisho ni kama boksi limejazwa vitu ndani.

MzeeBaharia

Doa mlangoni ni kutu, mwanangu.

FundiTaa

Hahaha Mzee!

Bibie hiyo ni 自動ドア, jidō doa, mlango unaojifungua wenyewe. Hizo mbili za mbele zitie kwenye kadi zako leo, maana hizo hizo ukiongeza moja unapata 自動車, jidōsha, gari. Basi umeshajua kanji tatu na hujatoka barabarani.

Ya ubavuni, boksi lililojaa ni 園, en, na gari za namna hiyo nyingi zilikuwa za kubebea vitoto. Tazama kanji ya kwanza. Ikiwa kulia kwake kuna kitu kinachofanana na カ ya katakana, hiyo ni 幼稚園, yōchien, skuli ya vitoto. Ikiwa haina, na kushoto kuna kijiti na kimkono kama mtu amesimama, basi ni 保育園, hoikuen, pa kulelea watoto mama zao wakiwa kazini.

Na ukiipanda tena kaa mbele. Wakisimama kupakia mizigo, tupia jicho mlango wa dereva kama kibandiko cha oili bado kipo, ukipige picha, na mita uipige picha. Nitumie zote mbili. Dereva usimwambie kitu kwanza, asije akakibandua.